Mashada ya Mlangoni kwa Maman Alphonsine

Maman Alphonsine Mwenze alihamia Jette, kitongoji cha Brussels, mwezi wa Machi 2003, na kabla hajamaliza kufungua masanduku yake akagundua kwamba nyumba ya jirani imefiwa. Ushahidi ulikuwa wazi. Kwenye mlango wa pili, usawa wa macho, lilining'inia shada la majani na maua ya njano, kubwa na jipya. Kule Likasi, nchini Kongo, alikokulia, shada la namna hiyo lilikuwa na mahali pamoja tu pa kuwekwa, napo ni juu ya kaburi. Basi Alphonsine akafanya anachofanya mtu aliyelelewa vizuri. Alijifunga kitenge cheusi, akapika maharage na bukari, ule ugali wa kwao, akaenda kubisha hodi. Mlango ulipofunguliwa na mwanamke mwembamba mwenye miwani, akamkumbatia na kuangua kilio.

Yule mwanamke, Madame Yolande, alimwacha alie kwanza. Alikuwa mjane, mstaafu wa posta, na ilikuwa imepita miaka bila mtu kumkumbatia. Alipopata nafasi alieleza kwa Kifaransa, polepole, kwamba hakuna aliyekufa. Baridi imekwisha tu, Pasaka inakaribia, na watu wa hapa hupenda mlango uonyeshe hivyo. Alphonsine akajifuta machozi, akalitazama lile shada upya, akauliza linatengenezwaje. Maharage waliyala pamoja.

Ugonjwa ulianzia hapo. Alphonsine alikuwa akifua na kukunja mashuka katika hospitali kubwa ya chuo kikuu, na mikono iliyozoea kukunja mashuka mia tatu kwa zamu moja haikuona taabu yoyote kukunja utepe. Yolande alimfundisha kuzungusha waya, kufunga matawi, kuokota mbegu za misonobari katika bustani za Laeken bila kuonekana na walinzi. Alimfundisha pia kwamba shada zuri lazima liwe na kitu kimoja cha mwenye nyumba, kitu ambacho hakiuzwi dukani. Majira ya mwaka yalikuwa somo la Yolande. Uzalendo Alphonsine aliuongeza mwenyewe, na hakuna aliyemwomba.

Tarehe 30 Juni mlango wake ulivaa rangi za Kongo kwa sikukuu ya uhuru. Wiki tatu baadaye ulivuliwa na kuvishwa nyeusi, njano na nyekundu, kwa sikukuu ya Ubelgiji. Novemba kumi na moja, Wabelgiji wanapowakumbuka askari wao, alitundika maua mekundu ya karatasi, kwa sababu babu yake naye alibeba mizigo ya jeshi lao kwa miguu hadi Tabora katika vita vya kwanza, na kama kuna mtu aliyewahi kumshukuru mzee yule, habari hizo hazikuifikia familia. Wapita njia waliokwenda sokoni Jumapili walizoea kupunguza mwendo mbele ya nyumba yake. Alphonsine aliwachungulia nyuma ya pazia na kuwahesabu, ingawa angekana hata mbele ya padri.

Si kwamba mambo yalikwenda sawa kila mara. Mwaka 2006 alitundika shada la buluu nzito lenye nyota kubwa ya njano katikati, kazi ya wiki mbili, ndipo akina mama wa kanisani wakamwambia kwamba Kongo ilikuwa imebadilisha bendera tangu Februari. Alijitetea kwamba nchi ikitaka kubadilisha bendera iwaandikie barua watu wake walio nje. Mwaka 2007 wanasiasa wa Ubelgiji waliposhindwa kuunda serikali, na watu wa Brussels wakaanza kutundika bendera madirishani kwa wasiwasi, yeye aliapa kwamba shada la Julai halitoki mlangoni mpaka waelewane. Kiapo kile alikirudia mwaka 2010, akakijutia. Wanasiasa walivutana siku mia tano na arobaini na moja, jua na mvua vikashiriki mjadala, na mwishoni hakuna mpita njia aliyeweza kujua kama kile kitu mlangoni ni uzalendo au ni soksi zilizosahaulika nje.

Aliyeteseka zaidi ni Myriam, binti yake wa pekee, aliyekuwa mfamasia na mtu wa kujiheshimu. Rafiki zake walipouliza namba ya nyumba aliwaambia hawaihitaji, wafuate macho yao tu.

Mwaka 2013 Myriam, akiwa na miaka ishirini na tisa, alimleta nyumbani Hervé Tshibangu, fundi wa lifti katika ofisi za Umoja wa Ulaya pale Schuman. Alphonsine alimpenda siku ya kwanza. Kijana alikula sahani mbili, akakarabati kengele ya mlangoni bila kuombwa, akalisifu shada lililokuwapo. Lilibaki jambo moja tu, nalo lilikuwa jina. Tshibangu ni jina la Kasai, na kwa watu wa Katanga wa rika la Alphonsine jina hilo linabeba mambo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na miji mingine ya Katanga, hata wale waliozaliwa humo. Maelfu walilala miezi kwenye kituo cha treni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye jimbo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona. Familia ya Hervé ilikuwa miongoni mwao. Alphonsine alilijua hilo, na alilizungumzia kama watu wengi wa rika lake wanavyolizungumzia, yaani hakulizungumzia kamwe.

Ikapangwa kwamba Jumamosi ya tarehe 7 Desemba wazazi wa Hervé waje kupiga hodi. Kwa Wakongo ndoa huanzia mlangoni. Upande wa kijana huja, hugonga, na wenye nyumba hujifanya hawasikii. Hugonga tena, na sauti ya ndani huuliza ni nani hao wanaosumbua watu. Mara ya tatu ndipo hufunguliwa, kwa vicheko. Familia inayofungua upesi huonekana kama inamsukuma binti nje. Alphonsine alikuwa ametayarisha majibu ya kejeli kwa kila hodi, akayafanyia mazoezi jikoni.

Lakini kwanza kulikuwa na suala la mlango wenyewe. Watu watakaokuja kuoa watasimama mbele yake muda mrefu, kwa hiyo watautazama muda mrefu. Alitaka shada la Noeli ambalo halijawahi kuonekana Jette. Alifanya kazi jioni tano. Juu, upande wa kushoto, alijaza matunda mekundu ya mwituni. Katikati akapitisha ukanda mnene wa matawi ya msonobari, akaulaza mshazari kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kwa sababu uliosimama wima ulimkumbusha soseji. Chini, upande wa kulia, akaweka utepe mweupe na pamba, iwe theluji. Kisha akakumbuka lile somo la Yolande kuhusu kitu cha mwenye nyumba. Akafungua kisanduku cha marehemu baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, akatoa misalaba mitatu midogo ya shaba, zile croisette ambazo mababu wa Katanga walizisubu na kuzitoa kama mahari. Kipo kitu gani kinachofaa zaidi mlangoni pa binti anayeposwa? Akaifunga yote mitatu juu ya theluji. Akarudi nyuma hatua moja, ukumbi wake haukuruhusu mbili, na machozi yakamlengalenga kwa uzuri wa kazi yake.

Jumamosi ilipofika, saa nane kamili mchana, zilisikika hatua nje. Alphonsine, Myriam na Tonton Ilunga, mdogo wake Alphonsine aliyekuja kuwa msemaji wa familia, wakajipanga ukumbini wakizuia vicheko. Wakasubiri hodi ya kwanza ili wajifanye hawaisikii. Haikuja. Nje kulikuwa na minong'ono, kisha kimya, kisha hatua tena. Alphonsine alipochungulia pazia aliona mgongo wa mzee mwenye kofia ukielekea kituo cha tramu, na mke wake akimfuata. Hervé peke yake alibaki kwenye ngazi, mikono imening'inia.

Myriam akafungua. "Vipi? Banaenda wapi?"

Hervé hakumtazama yeye, alilitazama shada. "Papa alisimama pale, akaangalia," alisema. "Akatoa kofia, akaangalia tena. Alors akasema: 'Hawa banatujibu mbele hatujapiga hodi.' Akarudia ku nyumba."

Tonton Ilunga akatoka nje. Aliingia kwa mlango ule ule saa mbili kabla bila kuona chochote, maana harufu ya kuku ilikuwa imemshika. Sasa alilitazama shada akiwa barabarani, kwa umbali ambao dada yake hakuwa nao ukumbini, akajipiga paji la uso.

"Alphonsine! Unajua ulitia nini pa mulango? Ni bendera ya Katanga ile! Ya sécession! Nyekundu juu, verte katikati, blanc chini, na croisettes tatu pa kona yake!"

"Hapana bendera," alisema Alphonsine. "Ni Noël. Bantu bote banatia hivi."

"Noël iko na croisettes?"

Alphonsine akashuka ngazi, akavuka hadi upande wa pili wa barabara, akageuka. Na pale mlangoni pake, ikiwa na theluji ya pamba, ilimtazama bendera ambayo akiwa mtoto wa miaka tisa aliiimbia kila asubuhi uwanjani pa shule, mwaka ule Katanga ilipojitenga na Kongo. Hakuikosea hata kwa upande wa kulia na kushoto. Jirani Yolande, aliyekuwa dirishani tangu mwanzo, alimwonyesha kidole gumba juu, kwa kuwa kwa maoni yake lilikuwa shada zuri kuliko yote yaliyotangulia.

"Maman," alisema Myriam, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Miaka kumi nilivumilia. Soksi za bendera, nyota ya zamani, yote. Lakini bale bantu balifukuziwa Likasi. Lelo umebafukuza mara ya pili."

Hervé hangeoa bila baraka ya baba yake, na Myriam hangekubali kuolewa bila hiyo. Hilo lilijulikana na wote wanne, wakala kuku bila kulisema. Alphonsine alilishusha shada, akalikata waya kwa waya, akarudisha misalaba kisandukuni. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Tena kulikuwa na swali lililomchoma zaidi ya aibu: mikono yake ilifanya kazi jioni tano, je, mikono ilijua?

Yolande alipoelezwa, alishauri apeleke maua kwa hao wazee. Alphonsine akamjibu kwamba maua ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Jumapili baada ya misa, yeye na Myriam walipanda tramu kwenda Laeken, kwa wazazi wa Hervé. Njiani alipanga utetezi wake wenye hoja tatu: kwanza, kijani na nyekundu ni rangi za Noeli duniani kote, pili, mshazari ulitokana na soseji, tatu, croisette ni za mahari. Zilikuwa hoja nzuri. Myriam alitazama dirishani njia nzima.

Papa Désiré Tshibangu alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, amevaa fulana ya sufu na viatu vilivyong'arishwa, ingawa alikuwa nyumbani kwake mwenyewe siku ya Jumapili. Aliwatazama bila kusema karibu. Mkewe, Maman Antoinette, ndiye aliyesema toka jikoni: "Désiré, bantu habasimame ku couloir. Mwikale, mwikale." Wakakaa. Kahawa ikaletwa. Alphonsine akafungua kinywa atoe hoja ya kwanza, lakini mzee akamtangulia.

"Maman, ulikuwa wapi mu quatre-vingt-douze, ile mwaka ya kufukuzwa?"

"Likasi, papa. Mu mtaa ya Panda."

"Siye tulikuwa pa gare, tunangoya treni. Miezi tano. Hervé alijifunza kusoma na maandiko ya ku bawagon." Alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Donc ulikuwa Panda. Ulifanya nini?"

Hilo halikuwa na jibu miongoni mwa hoja tatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, wala kanisani, wala hospitalini, wala marehemu mume wake aliyekuwa pamoja naye nyumba moja. Alphonsine aliweka kikombe chini.

"Jirani yangu alikuwa Maman Kapinga," alisema. "Wa Kasai. Miaka kumi na moja tulichota maji pa robinet moja. Ile siku vijana balipoanza kupita mu avenue, alikuya kwangu na batoto yake batatu. Akapiga hodi. Mi nilikuwa nyuma ya mulango, papa. Ubao moja tu katikati yetu. Alisema: 'Alphonsine, najua uko.'"

Mzee hakumsaidia.

"Sikufungua," alisema. "Nilikuwa na woga. Akapiga tena, akangoya, akaenda. Sikumuonaka tena."

Myriam alikuwa akitazama mikono yake magotini. "Mukono yako ilinuka kitunguu," alisema taratibu. "Ulinifunga kinywa."

Alphonsine akamgeukia. Mtoto alikuwa na miaka minane wakati ule. Kwa miaka ishirini na moja mama alijifariji kwamba mtoto wa miaka minane husahau, na mtoto kwa miaka ishirini na moja alimwachia mama faraja hiyo. Alphonsine akalia, na safari hii hakujifunga kitenge wala hakuleta sufuria. Maman Antoinette akasogeza kiti chake karibu na chake, akampa kitambaa cha mezani maana ndicho kilichokuwa karibu.

Papa Désiré alikunywa kahawa yake yote.

"Nilifikiri unakuya kunieleza mambo ya Noël."

"Nilikuwa nayo tayari, papa," alisema Alphonsine ndani ya kitambaa. "Points tatu."

Maman Antoinette ndiye aliyecheka kwanza. Mzee alijitahidi kubaki mwalimu wa hesabu, akashindwa upande mmoja wa mdomo. Akauliza hoja ya pili ilikuwa ipi, akaelezwa habari za soseji, akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akarudi kuwa makini.

"Bon. Samedi tutakuya. Lakini siahidi kama nitaikala."

Juma lile Yolande alisubiri shada jipya. Alipita mlangoni asubuhi akaona mbao tupu, akapita jioni akaona mbao tupu, akaanza kuhofia afya ya jirani yake. Tonton Ilunga naye alipiga simu mara tatu kukumbusha utaratibu: safari hii wasiharibu tena, wagongewe mara tatu, wajibu kwa madaha, heshima ya Myriam irudi mahali pake. Alphonsine alimwitikia ndiyo kila mara, kwa sauti ya mtu anayefikiria mambo mengine.

Jumamosi ile ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Ilunga alipofika saa saba na nusu aliukuta mlango wazi. Haukuwa umeachwa tu bila komeo. Ulikuwa umefunguliwa hadi mwisho, umelazwa ukutani na kuzuiwa kwa sufuria kubwa, na dada yake amesimama kizingitini na koti lake la kazini, pua nyekundu.

"Funga, tutakufa!" alisema Ilunga. "Na bangeni batapiga wapi?"

"Hautafungwa."

"Alphonsine, kuko desturi. Batasema tunamusukuma mutoto inje."

"Baseme."

Yolande alitoa kichwa dirishani akamwambia kwa Kifaransa kwamba sasa anapasha joto manispaa nzima. Alphonsine alimpungia mkono, akabaki palepale. Dakika zikaenda. Saa nane ikapita, na robo, na Myriam akaja kumfunga mama yake shali shingoni. Alipomaliza kuifunga hakuuondoa mkono wake begani pa mama.

Walitokea kona ya barabara saa nane na dakika ishirini, mzee mbele, mkewe na Hervé nyuma. Papa Désiré alikuja polepole akiangalia namba za nyumba, ingawa aliijua. Alipanda ngazi mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kuinuliwa, kidole kimekunjwa tayari kugonga, lakini mbele yake hapakuwa na ubao wowote. Palikuwa na ukumbi mwembamba, harufu ya kuku, na Maman Alphonsine akitetemeka. Mkono ukabaki hewani.

"Maman," alisema, "tupige hodi wapi?"

Alphonsine aliyaacha majibu yake yote ya kejeli, ya hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Hapana kupiga, papa," alisema. "Niko. Mwingie tu."

Papa Désiré alivua kofia. Akafuta viatu vyake kwenye mkeka, muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji, kisha akaingia.